Kichuguu cha Nyuma ya Garaji

Ninyi mabinti mnaokuja kwangu na mimba zenu, na ninyi wavulana mnaowasubiri nje ya mlango mkijifanya mnaangalia simu, haya nayaandika kwa sababu kuyasema nimeshindwa. Nimejaribu. Majuzi mmoja wenu alikuja na mimba yake ya kwanza, akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza, "Nkambo, nikule nini, niache nini?" kama mjukuu anavyomwuliza bibi yake. Nikamwambia aende materniti, kwa wakunga wa hospitali, akaulize huko. Akanitazama kama mtu aliyefungiwa mlango. Kwenye avenyu yetu mwanamke alipita kwangu kwanza, materniti baadaye, na mama yake huyo binti alipita kwangu, na bibi yake alikuwa rafiki yangu. Aliondoka akidhani nimegombana na watu wa kwao.

Sikugombana na mtu. Nilikuwa naona haya. Uso wangu haujazoea kazi hiyo, ndiyo maana ukaonekana kama umekasirika.

Masista walinifundisha kusoma, kuandika na kushona, halafu baba yangu akafa, nikarudi nyumbani kukaanga mandazi. Kwa hiyo msitafute maneno mazuri humu. Someni tu.

Lupango letu, kiwanja chetu cha nyumba, mnalijua, lile la pembeni ya barabara, pale malori yanapopunguza mwendo kabla ya njia ya kwenda viwanda vya Shituru. Mume wangu alikuwa mtu wa reli. Alipokufa aliniacha na nyumba, na jiko la nje, na kichuguu. Kichuguu hicho kiko nyuma kabisa, kirefu kupita paa. Mume wangu alikataa kukisawazisha, kwa maana matofali ya jiko yalitoka humo, na udongo wake ulikuwa mzuri, unaoshikana, hauna mchanga. Pale tulipochimba matofali palibaki shimo la ubavuni, kama chumba kidogo, mtu mzima anaingia akaketi.

Mbele, upande wa barabara, mwanangu akafungua garaji.

Nataka mjue nililitunza vipi lupango hilo, mpate kuelewa aibu yangu inatoka wapi. Nilifagia kabla ya jua. Nilinyunyiza maji kwanza vumbi lisiruke, nikafagia kwa mistari, hata kuku akipita unaona nyayo zake. Kati ya garaji na uwanja wangu nilizika matairi nusu-nusu, nikayapaka chokaa, na huo ndio ulikuwa mpaka. Fundi aliyeuvuka na buti zenye mafuta nilimrudisha kwa ufagio. Wengine walinicheka. Mmoja aliwahi kusema, "Kwa huyu mama hata inzi anapanguza miguu mbele ya kuingia." Nilifurahi aliposema hivyo. Uchafu kwangu ulikuwa kitu cheusi, kinachonata, kinachonuka. Kile ambacho jicho halikioni sikukihesabu.

Mwanangu alitengeneza injini, lakini kazi iliyomletea watu wengi ni batri. Batri za malori, za taksibasi, na siku hizi za wale wenye vibao vya jua juu ya paa. Batri ikifa kabisa aliifungua, akamwaga yale maji yake makali, akatoa zile sahani za ndani. Sahani hizo ni risasi, chuma kile cha kijivu, kizito, ambacho ukikipasha kidogo tu kinakuwa kama uji. Aliiyeyusha kwenye sufuria yangu ya zamani iliyovunjika masikio, akaimimina kwenye kalibu. Alipata vichwa vipya vya batri, na pia vizito vya nyavu. Wavuvi wa ziwa la Tshangalele walivipenda kwa sababu havina ncha za kukata nyuzi.

Moto huo aliuwashia wapi? Ndani ya shimo la kichuguu. Upepo hauingii pale, risasi inayeyuka upesi, makaa hayaliwi bure. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwonyesha mahali, kwa maana sikutaka moshi karibu na nguo zangu. Na yale maji makali aliyamwaga hapo chini ya kichuguu, nyuma, mbali na macho ya wateja. Majani yakafa pale pote. Nikashukuru. Hakuna majani, hakuna nyoka, hakuna kulima.

Kitu kingine, na hiki mkishike. Kila akimaliza kuyeyusha risasi, mwanangu alikunywa maziwa. Mafundi wote wa batri wanafanya hivyo, wanasema maziwa yanasafisha kifua. Ni mimi niliyenunua unga wa maziwa sokoni, ni mimi niliyeukoroga kwenye kikombe cha bluu cha baba yake, na akichelewa kunywa nilimfuata nacho mpaka chini ya gari.

Sasa, mkamwana wangu. Ni binti wa watu wa ziwani, mpole, anaongea kama anaomba ruhusa. Walioana, miaka ikapita, mimba zikawa zinatoka kabla watu hawajazijua. Watu wa avenyu walianza kuuliza kwa macho. Hii ya sasa ikashika. Ikapita pale nyingine zilipotoka, ikaonekana hata chini ya kitenge, na mimi nikawa mlinzi wake. Nilimkataza ndoo. Nilimkataza mwiko wa bukari, ugali wetu, unavuta sana mgongo. Nilimkataza hata kwenda kwenye matanga. Mwanangu akisema, "Mama, umuache apumue," nilimjibu kwamba nimezaa kabla yake na sikuhitaji fundi wa magari anifundishe.

Halafu akaanza kutamani udongo.

Ninyi mlioshika mimba mnajua. Mvua ya kwanza inanyesha, ukuta unanuka, mate yanajaa mdomoni. Mimi nilipokuwa na mimba ya mume wake nilikula udongo mpaka mume wangu akasema nitazaa tofali. Kwa hiyo kumkatalia udongo sikuwaza hata kidogo. Nilichokataa ni ule aliokuwa anakula. Siku moja niliona weupe pembeni ya mdomo wake. Alikuwa ananunua pemba, ule udongo mweupe wa sokoni, kwa jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, mama anayeuza kwenye sinia pamoja na viberiti na vipande vya sabuni.

Asubuhi yake nikamkuta huyo jirani bombani, foleni ya ndoo imejaa.

"Mama wa pemba," nikamwambia, "ile kintu unamuuzisha mukamwana wangu, nani aliishika mbele yako?"

Hakugeuka. Alikuwa anasuuza ndoo yake. "Aliishika mwenye kuichimba. Aliishika mwenye lori. Nikaishika minye. Nyanya za soko unakulaka, mama, zile zilishuka toka mbinguni?"

Wanawake wakaanza kucheka.

"Nyanya tunaoshaka," nikasema.

"Basi umwambie mutoto aoshe na pemba. Atakunywa maji meupe."

Wakacheka zaidi, na mimi sipendi kuchekwa. Nikaweka ndoo yangu chini. Nikasema, na kila mtu alisikia, "Kwa lupango langu iko udongo safi kuliko unga wako wa bukari. Mukamwana wangu hatakula uchafu wa njiani. Nitamuchimbia mwenyewe."

"Chimba, mama," akasema. "Siku ingine tutakuya kuonja."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilichagua upande wa kichuguu usiotazama shimo la moto, upande wa asubuhi. Nilikwangua ganda la juu nikalitupa, nikachimba kwa jembe dogo mpaka kwenye ule udongo mwekundu-kahawia unaometameta kidogo. Niliusaga, nikauchekecha kwenye kitambaa, nikaukanda kwa maji na chumvi kidogo, nikatengeneza vipande kama vidole, nikavikausha kwenye mbabula juu ya makaa hafifu, kama mama yangu alivyofanya. Jiko likanuka mvua. Nilipompa kile cha kwanza nilikiweka kwenye kisahani cha wageni.

Akauma. Akatafuna polepole.

"Iko namna gani?"

"Iko muzuri, mama. Iko na utamu kidogo."

Utamu. Nikautangaza utamu huo mpaka kwenye mkutano wa shirika letu la parokia. Niliwaambia akina mama kwamba udongo wa mahali pasafi unakuwa mtamu. Wakaitikia kwa vichwa. Nani angenibishia?

Nikawa namtengenezea kila alipomaliza. Alikuwa anavifunga kwenye pindo la kitenge chake, na akikaa kuchambua maharagwe mkono unakwenda pale. Akaanza kulalamika tumbo linamsokota, kichwa kinamuuma, choo hakitoki. Hakulalamika kwangu; nilisikia akimwambia mumewe. Nikasema kutoka jikoni, bila kuulizwa, kwamba mimba ni mimba, si kitanda cha kupumzikia.

Na mwanangu. Siku moja nilikuwa nimeinama kwenye kichuguu na jembe langu, nikasikia mtu amesimama. Alikuwa na spana mkononi.

"Mama, unachimbaka hapa?"

"Nichimbe wapi? Ku kaburi ya baba yako?"

Alisimama kidogo. Halafu akarudi kwenye gari lake. Sikulifikiria tena jambo hilo mpaka ile siku ninayotaka kuwaeleza.

Walikuja mchana, msichana wa chuo kikuu na mwenzake wa kubeba mifuko. Walikuwa wanapita garaji kwa garaji kando ya barabara, wanapima udongo. Mwanangu alidhani ni watu wa kodi, akasimama mlangoni na mikono kiunoni.

"Muko batu ya taxe?"

"Hapana, papa. Tunapima tu udongo. Hatuandike jina ya mutu."

"Udongo uko na deni gani?"

Msichana akacheka, na mimi nikampenda kwa hicho kicheko. Alikuwa na adabu, aliniita mama, alivua kofia kuniamkia. Nikamwambia mwanangu awaache. Nikasema kwa sauti, kwa maana majirani walikuwa tayari wameanza kukusanyika kwenye ua, "Mupime. Na mukimaliza hapa mbele mu mafuta, mukuye huku nyuma muone lupango inachungwaka namna gani." Mama wa pemba alikuwa hapo pia, amebeba sinia lake kichwani. Nilihakikisha amesikia.

Kile chombo chao kilifanana na ile mashine ya kukaushia nywele saluni. Msichana alikigusisha chini, akangoja, akasoma, akahamia mbele. Kwenye garaji aligunaguna. Kwenye matairi yangu ya chokaa akasoma mara nyingine. Kwenye uwanja wangu, ulio na mistari ya ufagio, alisoma na hakusema kitu, na mimi nilidhani kukaa kimya huko ni sifa. Akafika kichuguu. Akapima kwenye shimo la moto. Akapima chini, pale majani yalipokufa. Akazunguka upande wa asubuhi, akainama, akapima, akaangalia kile chombo, akakipangusa, akapima tena palepale. Akamwita mwenzake. Wakaongea Kifaransa kwa sauti ya chini.

Halafu akaniita.

"Mama, hapa kuna alama za jembe. Ni mpya. Nani anachimba hapa?"

"Minye."

"Unafanyia nini?"

Mngeniona. Niliinua kidevu. "Ni ya mukamwana wangu. Anakulaka. Iko na mimba."

Nilikuwa nangoja mtu wa kwenye ua aseme neno, nimjibu. Mama wa pemba alishusha sinia lake polepole, akalishika mbele ya tumbo lake kwa mikono miwili. Msichana alikuwa ananiangalia, na macho yake hayakuwa na ukali, na hilo ndilo lililonitisha.

Akanieleza palepale, kwa maneno mepesi, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kwamba risasi ya batri haiozi na haiishi. Kwamba moshi wake unapanda kidogo, unashuka karibu, unakaa juu ya udongo, na mvua inaushusha ndani. Kwamba yale maji makali yanaibeba na kuisambaza. Kwamba ikiingia ndani ya mwanamke inapita kwenye damu yake mpaka kwa mtoto, na mtoto ndiye inayemharibu zaidi, kichwani, kwenye akili, kabla hajazaliwa. Kwamba haionekani, na moto wa mbabula hauiondoi.

Nikanyoosha mkono kuelekea bomba za moshi za viwanda. Sisi watu wa Likasi ndivyo tulivyo. Mtu akikohoa tunaangalia juu. "Ni moshi ya kule," nikasema. "Iko inaanguka juu ya batu yote."

"Kama ni ule moshi, mama, nje ya ua ingekuwa sawa na hapa," akasema. "Nimepima nje ya ua. Haiko sawa. Inazidi hapa kwako, na hapa kwenye shimo ndiyo mwanzo wake."

Mkamwana wangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Sijui alisikia kuanzia wapi. Alifungua pindo la kitenge chake akatoa kipande, kimoja kilichobaki, chenye alama za meno yake. Akatafuta pa kukiweka. Akaangalia chini, hakukiweka. Akaangalia meza tunayolia chakula, hakukiweka. Akabaki amekishika mbele yake kama mtu aliyeokota kitu cha wengine, mpaka yule wa kubeba mifuko alipofungua kimfuko kidogo cha plastiki, naye akakidondosha humo. Halafu akaenda kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Sikuweza kumsogelea.

Watu wa kwenye ua waliondoka mmoja mmoja, bila kuaga. Heri wangecheka.

Jioni, kabla jua halijazama, nilimwita mwanangu. Alikuja akakaa kwenye tairi la chokaa, mimi kwenye kigoda.

"Yale maziwa," nikamwambia. "Unakunywaka sababu ya nini?"

Akaokota msumari chini, akaanza kuusugua kwa kidole gumba.

"Nakuuliza."

"Bafundi banasemaka ile moshi ya risasi iko mubaya, mama. Maziwa inaikamata."

"Basi ulijua iko mubaya."

"Kidogo."

"Na uliniona nachimba."

"Nilikuona."

"Na haukusema."

Hapo aliinua macho. Mwanangu ana mvi kwenye ndevu, na alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja kitu. "Nilikuambia, mama. Nilikuuliza kama unachimbaka pale. Ukaniambia mambo ya kaburi ya papa." Akajipangusa mikono kwenye ovaroli, ingawa ilikuwa mikavu. "Weye hauambiwaka. Muke wangu vile vile tumbo ilimuuma, nikamwambia aache ule udongo kidogo. Akaniambia, mama atasema ninadharau. Njo maana aliendelea kula."

Nilitaka kumkaripia, na kwa kweli neno lilikuwa tayari mdomoni. Nilikuwa nimemkorogea maziwa mtu mzima ili moshi usimdhuru, halafu natoka na kikombe kitupu mkononi, napita kando ya moto huohuo, nakwenda kumchimbia mwenye mimba. Ulimi wangu ulikuwa unajua kitu ambacho mikono yangu haikutaka kukijua. Na watu wawili katika nyumba yangu walikuwa wanakijua pia, na waliona heri mwanamke aumwe tumbo kuliko mimi niudhike.

Tulimpeleka hospitali. Walichukua damu, ikapelekwa mbali ikapimwe, tukangoja. Sina la kuwasimulia kuhusu kungoja huko, isipokuwa kwamba mkamwana wangu aliendelea kuniamkia kila asubuhi kwa magoti, kama zamani, na kila alipopiga magoti nilitamani anitukane. Majibu yalikuja. Risasi ilikuwa ndani ya damu yake, kuzidi inavyotakiwa. Daktari alisema hakuna dawa ya kuifuta mara moja kwa mwenye mimba kama yeye. Jambo la kwanza ni kuacha kuiingiza. Ale vizuri, samaki wadogo, maharagwe, maziwa, vidonge vya damu, anywe maji, asikae karibu na ile kazi. Kuhusu mtoto alisema watamfuatilia. Nikamwuliza, "Atakuwa muzima?" Akarudia, tutamfuatilia. Halafu akasema aache udongo wote, hata pemba ya sokoni, kwa maana nayo hakuna anayejua ina nini.

Hilo neno la mwisho ilinibidi nilipeleke ng'ambo. Mngefanya nini? Yule mama anawauzia wenye mimba kila siku. Nilimkuta amekaa nyuma ya sinia lake. Kwanza nilimwomba msamaha wa yale ya bombani. Alinisikiliza huku anapanga viberiti.

"Imekwisha, yaya," akasema, akiniita dada mkubwa. "Mutoto iko namna gani mu tumbo?"

"Anacheza."

"Mungu asaidie."

Kisha nikamwambia alichosema daktari kuhusu pemba. Mikono yake ikasimama.

"Umeanza tena."

"Si minye, ni dokta."

"Mbele ulisema pemba yangu ni uchafu ya njiani. Sasa ni dokta anasema. Kesho itakuwa askofu." Alikuwa ametabasamu, lakini macho yalikuwa yamejaa machozi, na sikujua kama ni ya hasira. "Minye nitauzisha nini, yaya? Viberiti?"

Niliketi kando yake kwenye gogo, nikamsaidia kupanga viberiti. Akaja msichana mmoja mwenye mimba changa, akanyoosha kidole kwenye pemba. Jirani yangu akamwambia, "Leo haiuzwi. Uende kwa materniti, uwaulize." Kesho yake niliiona tena kwenye sinia. Siku nyingine haikuwepo. Bado ni hivyo mpaka leo, na mimi si mtu wa kumsema.

Mwanangu hakubishana. Aliacha kuyeyusha risasi. Batri zilizokufa sasa anaziuza nzima, hazifungui, na wavuvi wamerudia mawe, wananung'unika. Kichuguu msichana wa chuo alitukataza kukibomoa, akasema vumbi lake litaruka na popote tutakapolimwaga litamdhuru mwingine. Tukajaza shimo kwa kokoto, tukaziba kwa saruji, tukaweka miiba kuzunguka. Uwanja wangu nao nilianza kuuletea udongo wa mbali, ndoo kwa ndoo, na kazi bado haijaisha. Asubuhi nanyunyiza maji mengi, nafagia kidogo. Nikiushika ufagio mikono yangu inaona soni.

Mtoto alizaliwa wa kike. Mdogo, mwepesi, mwenye sauti. Kwenye materniti walimpima wakasema turudi, na tumerudi, na tutarudi tena. Mpaka sasa wanasema ananyonya vizuri, anafuata mwanga kwa macho, mengine yatajulikana akikua. Mengine yatajulikana akikua. Naamka na maneno hayo, naoga nayo, naenda nayo misa.

Siku walipomleta nyumbani nilikuwa na furaha mpaka sikuwa na akili. Nilimpokea, nikamfunika, nikachukua mkeka, nikatembea moja kwa moja kwenda nyuma. Pale kwenye kivuli cha kichuguu ndipo nilipowalaza watoto wangu wote wakiwa wachanga, hakuna upepo, hakuna inzi. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa nimekwisha kuutandika mkeka kando ya miiba, nainama na mtoto mikononi, ndipo nikahisi ukimya mgongoni.

Niligeuka. Mkamwana wangu alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, mikono imeinuka kidogo kama anataka kupokea, lakini haijafika. Alimwangalia mumewe. Mumewe alikuwa anaangalia viatu vyake. Hakuna aliyefungua mdomo. Baada ya yote yale, hakuna aliyefungua mdomo.

Nilimrudisha mtoto kwa mama yake. Nikaukunja mkeka. Nikawaita wote, na mafundi waliokuwa garajini nikawaita, wakasimama upande wao wa matairi, na nikasema kwa sauti ileile niliyotumia bombani, kwa maana ni hiyo moja tu niliyo nayo:

"Musikilize. Kuanzia leo, mukiniona namuweka huyu mutoto chini ku udongo wa lupango hii, ao namupa kintu kilichotoka mu udongo huu, munikamate mukono. Hata mbele ya wageni. Hata mbele ya padri. Na nikiwakaripia, musiniachilie."